Kufunga EFI kwenye pikipiki ya kabureta: anza na umeme

Anayetaka kuifungia pikipiki yake ya porini mfumo wa EFI, yaani upuliziaji wa mafuta unaoongozwa na kompyuta, kwa mikono yake mwenyewe huanza, karibu kila mara, na kontroli boksi. Huuliza bodi ipi ni nzuri, programu ipi ni ya bure, waya upi unaingia wapi. Kumbe bodi ndiyo sehemu ambayo wenzetu walishaimaliza zamani. Bruce Bowling na Al Grippo wa Marekani waliitoa MegaSquirt mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili mtu wa kawaida aweze kuiunga nyumbani, na baadaye Josh Stewart wa Australia akaja na Speeduino, inayotumia Arduino Mega 2560, kibodi kilekile ambacho vijana wa vyuo vya ufundi huchezea taa na mota. Kazi yenyewe iko kwingine: chaji ya pikipiki, presha ya mafuta, na namna kompyuta itakavyojua kranki iko wapi. Hayo matatu yakikaa sawa, bodi yoyote kati ya hizo itawasha injini. Yasipokaa sawa, hata ya bei mbaya itakutesa.

Pikipiki ninayoizungumzia ni ile ambayo wengi wetu huiita XL hata kama si Honda: matairi yenye meno makubwa, shokapu ndefu, injini ya mipigo minne ya cc 200 inayopozwa kwa upepo, ya ukoo wa Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. Nimeichagua kwa sababu vipuri vyake havisumbui, kila fundi anaifahamu, na ukiunguza pistoni hujaunguza ada ya watoto. Hutoa nguvu za farasi 15 hivi. Kama yako ni DT au nyingine yoyote ya mipigo miwili, iache na kabureta yake. Katika injini hizo mafuta yakipuliziwa wakati usio wake hutoroka kwenye bomba la moshi kabla hayajaungua, na kranki nayo inataka oili yake kwa njia nyingine. KTM, kampuni inayoishi kwa pikipiki za porini, ilizifikisha EXC zake za mipigo miwili zenye EFI sokoni kwa matoleo ya mwaka 2018. Kama wao walichukua muda huo wote, sisi wa gereji ya uani tusijipe presha.

Je, faida ipo? Kwa bodaboda anayezunguka mji mmoja kutwa nzima, haipo. Kabureta safi yenye jeti sahihi inamtosha, na ikiziba kijiweni atapata wa kuizibua kwa waya na pumzi. Faida humwangukia anayepanda na kushuka. Hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na jeti haina habari hiyo. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, kabureta ile ile inakuwa inazidisha mafuta kwa asilimia 8 au 9. Plagi inakuwa nyeusi, injini inakuwa nzito, na unalipia petroli inayotoka ikiwa moshi. Fundi wa huko juu atakupunguzia jeti, nawe ukirudi pwani bila kuibadilisha, injini inapata mafuta kidogo kuliko hewa yake na kuchemka, jambo ambalo ni baya zaidi kwa mashine ya upepo. EFI inayosoma presha ya hewa ya mahali ulipo hujirekebisha yenyewe njiani. Kuna pia kuwaka kwa kiki moja asubuhi ya baridi ya Njombe au Lushoto, na kuwaka tena haraka baada ya kuanguka bila kusubiri silinda iliyofurika mafuta ikauke. Hilo la mwisho ni miongoni mwa yaliyowavutia watu wa mashindano: Suzuki RM-Z450 ya mwaka 2008 ilikuja na EFI, na mwaka uliofuata Kawasaki na Honda wakafuata na 450 zao. Kuhusu nguvu, usitarajie makubwa. Anayekuahidi kwamba EFI peke yake itakuongezea farasi wengi, muulize anauza nini.

Sasa umeme. Kabureta haitumii hata wati moja. EFI inakula muda wote injini inapozunguka. Pampu ya mafuta ya pikipiki ndogo huvuta ampia 2 hadi 3. Ya gari huvuta 4 hadi 6, ndiyo maana simshauri mtu aifunge hata kama ameipata bure. Nozo huongeza hadi wati 10 injini inapovutwa sana, kontroli boksi wati chache, na kihisi cha oksijeni chenye kipasha joto chake wati 10 hadi 15. Jumlisha na CDI ya betri, ile inayowasha plagi: umefika karibu wati 70 kabla hujawasha taa kubwa. Pikipiki nyingi za aina hii zimefungwa koili za chaji zinazopeleka kwenye betri nusu tu ya wimbi la umeme, nyingine zikitumika kuwasha taa moja kwa moja bila kupitia betri. Mpango huo uliwatosha waliouunda kwa sababu betri ilikuwa na kazi ndogo tu, kama indiketa na honi.

Usikisie, pima. Kabla hujanunua chochote, chukua balbu mbili za wati 35, zifunge kwenye betri, washa injini, kisha weka mita kwenye ncha za betri. Injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika mita isiposhuka chini ya volti 13, una msingi wa kujengea. Ikishuka hadi 12 na kuendelea kushuka, mradi wako wa kwanza ni chaji, na EFI isubiri. Dawa yake inajulikana. Ncha ya koili za chaji iliyofungwa kwenye bodi ya pikipiki, yaani upande hasi wa umeme, inatolewa na kuletwa nje kwa waya wake, ncha zote mbili zinaingia kwenye regyuleta ya mawimbi yote mawili, na taa zote zinahamishiwa kwenye betri. Badilisha pia taa kubwa iwe ya LED ya wati 15 hivi. Ikishindikana, kuna mafundi wanaosuka upya koili za chaji kwa waya mnene. Kinachokera ni kwamba chaji dhaifu haijionyeshi kwa uwazi: nozo huchelewa kufunguka volti zinaposhuka, ikipitisha mafuta pungufu kwa amri ile ile, nawe utahangaika wiki nzima ukirekebisha majedwali ya kompyuta wakati mgonjwa ni betri.

Utasikia kwamba pikipiki za mashindano zinatumia EFI bila betri kabisa. Ni kweli, zinahifadhi umeme wa kiki kwenye kapasita na kontroli boksi yake huamka ndani ya mzunguko mmoja au miwili. Kazi hiyo ilifanywa na wahandisi wenye magneto waliyoiunda wenyewe. Wewe weka betri.

Jambo la pili, kranki. Kompyuta inahitaji kujua injini inazunguka kwa kasi gani na pistoni iko wapi. Magneto ya kawaida ya CDI ina nundu moja tu inayopita mbele ya kihisi mara moja kila mzunguko. Kwa mafuta peke yake nundu moja inaweza kutosha: kompyuta inahesabu mizunguko na kupulizia kila mzunguko, nusu ya kipimo kila mara, kwa kuwa haijui mzunguko upi ni wa kuvuta hewa na upi wa kutoa moshi. Tatizo hujitokeza wakati wa kupiga kiki. Injini ya silinda moja haizunguki kwa mwendo sawa; hukaribia kusimama inapobana hewa, kisha huchomoka. Kwa nundu moja kompyuta hukisia kasi kwa kutazama nyuma, na kisio hilo huwa la uongo hasa pale ambapo kuwaka kunategemea usahihi. Meno mengi ndiyo dawa, kwa mfano nafasi 12 ambamo jino moja limeachwa makusudi ili lionyeshe mwanzo.

Hayo meno yanapatikanaje? Njia nzuri ni kutafuta magneto ya toleo la EFI la injini ya ukoo huohuo na kuhakikisha koni ya katikati, kina na kipenyo vinalingana na vyako. Njia ya pili ni fundi mkereza vyuma: anakereza pete ya chuma yenye meno, anaipasha moto ili itanuke, kisha anaivisha kwenye magneto baridi ikabana. Narudia, pete ndiyo ya kupashwa moto. Sumaku zikichemka zinapoteza nguvu na chaji yako inaondoka nazo. Usimruhusu mtu akuchomelee nundu za weldingi moja moja pembeni ya magneto. Kitu kile kinazunguka mara 8,000 na zaidi kwa dakika karibu na mguu wako. Nundu ikichomoka itapasua kava, na kava hilo ndilo lililokuwa linaulinda mguu. Baada ya kuvisha pete, ipimwe uwiano wake kama tairi la gari linavyopimwa.

Kihisi chenyewe kiwekwe mbali na meno kiasi cha milimita 0.8 hadi 1, kwenye bano lisilotikisika. Kama ni cha sumaku na koili, waya zake mbili zisokotwe pamoja, zivishwe ngao, na ngao ifungwe bodi upande wa kompyuta tu. Kina upande chanya na upande hasi. Ukizigeuza, pikipiki itawaka lakini itapoteza hesabu kila ukifika kasi fulani, nawe utalaumu programu. Na usithubutu kuchukua ishara moja kwa moja kutoka waya unaotoka CDI kwenda koili ya plagi. Pale pana volti zaidi ya 200, na bodi yako inaishi kwa volti 5.

Hapa nina ushauri ambao wenye haraka hawaupendi. Ukishafunga kihisi cha kranki, kihisi cha kilango cha hewa na vihisi vya joto, iache kabureta ifanye kazi yake kama kawaida huku kompyuta ikitazama tu. Endesha hivyo kwa muda, rekodi kila safari, kisha kaa chini uangalie. Mizunguko inasomeka bila kuruka? Joto linapanda taratibu au linacheza? Tafuta pia kihisi cha oksijeni cha masafa mapana, kama Bosch LSU 4.9 na kidhibiti chake, ukichomelee kwenye bomba la moshi kikiwa kimeinama juu kidogo ya mlalo ili maji ya mvuke yasikitulie. Utajua kabureta yako ilikuwa inaipa injini mchanganyiko gani katika kila hali, nawe utakuwa na kipimo cha kulinganishia. Zaidi ya mmoja akifika hapa hugundua kuwa tatizo lake lote lilikuwa jeti ya bei ndogo, akaishia hapo akiwa na furaha na pesa mfukoni.

Tukienda kwenye mafuta, tuwe waangalifu, maana hapa ndipo watu huungua. Kabureta hupokea petroli kwa kushuka tu kutoka tangini. EFI inataka presha ya baa 3 hivi, zaidi ya ile ya tairi la mbele la pikipiki yenyewe, na mpira wa kabureta haukutengenezwa kwa presha hiyo. Utavumilia wiki moja, kisha utapasuka na kurusha petroli kama ukungu juu ya bomba la moshi. Nunua mpira ulioandikwa kwamba ni wa EFI, maandishi ya SAE J30R9 yakiwa ubavuni, na klipu zinazobana mzunguko mzima bila kuukata. Waya wa kufungia mabanzi usionekane hata karibu.

Pampu ikae wapi? Ikikaa nje chini ya tangi, koki ya zamani inaibania. Injini yenyewe ikivutwa mpaka mwisho haifikishi lita 6 kwa saa, ila pampu inazungusha mara nyingi ya hizo na kuzirudisha, na tundu la koki halikukusudiwa hivyo. Pampu inayonyonya kwa shida hupasha mafuta, mafuta yanatoa povu la mvuke, na pikipiki inazimika saa nane mchana katikati ya mlima. Ninachokipenda ni pampu ya ndani ya tangi pamoja na regyuleta yake, iliyotolewa kwenye pikipiki ya EFI ya cc 150 hadi 200, ikafungwa chini ya tangi kwa pete ya boliti na gasketi ya mpira unaostahimili petroli. Petroli yenyewe huipoza pampu, na mpira wa presha unabaki mmoja tu. Lakini tangi lazima litobolewe na pengine lichomelewe, na tangi tupu lenye mvuke wa petroli ni bomu lililotegwa. Lisafishwe kwa maji ya sabuni mara kadhaa, likaushwe, lijazwe maji mpaka karibu na mahali pa kuchomelea, na kazi apewe fundi aliyewahi kuifanya. Kama hayupo, tafuta tangi la pili la bei ndogo upeleke hilo ambalo halijawahi kuona petroli.

Nozo inataka hesabu kidogo. Farasi mmoja hutumia takribani gramu 227 za petroli kwa saa. Farasi 15 ni kama kilo 3.4, sawa na cc 77 kwa dakika. Nozo isifanye kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda, kwa hiyo gawanya kwa 0.8 upate 96. Nozo ya cc 100 hadi 120 kwa dakika ndiyo saizi yako. Iliyotoka kwenye pikipiki ya ukubwa unaokaribiana itakufaa kuliko ya gari. Ya gari ya cc 300, injini ikiwa kwenye silensa, yaani mzunguko wa chini bila kuvutwa, inaamriwa kufunguka kwa muda mfupi kiasi kwamba haijamaliza kufunguka imeshaambiwa ifunge, na silensa haitulii hata ufanyeje. Pima pia upinzani wake kwa mita: omu 12 hadi 16 inaendeshwa na bodi moja kwa moja, ya omu 2 au 3 itaunguza transista kama haikuwekewa kizuizi.

Usiamini namba iliyoandikwa kwenye tangazo la muuzaji. Weka nozo kwenye presha yake kamili, ifungue sekunde 30 ndani ya chupa yenye vipimo iliyofunikwa mdomo, soma ujazo, zidisha kwa mbili. Fanya hivyo nje, mbali na jiko, sigara na swichi, na muunganisho wa betri uwe mbali na mvuke. Ukifunga nozo kwenye njia ya hewa, ielekeze mgongoni mwa valvu ya kuingizia. Ikipiga ukuta wa bomba, mafuta yatabaki ukutani na kila ukivuta ghafla injini itasita.

Throtobodi, yaani bomba lenye kilango cha hewa, ichukuliwe pia kutoka pikipiki ya EFI, kipenyo chake kikiwa milimita 28 hadi 30. Nyingi zinakuja na vihisi vya kilango, joto la hewa na presha katika kipande kimoja, jambo linalokupunguzia kutoboa na kuchonga. Kihisi cha joto la injini kiwe kwenye kichwa cha silinda au kwenye oili.

Kuna mabishano ya muda mrefu kuhusu kipimo gani kompyuta ikitumie kukisia hewa inayoingia: presha ya manifodi au pembe ya kilango. Bosch walipoanza na D-Jetronic mwaka 1967 walitumia presha, na kwenye injini ya silinda nyingi presha hutulia. Kwenye silinda moja inapanda na kushuka kwa nguvu ndani ya kila mzunguko. Speeduino inaweza kuchukua kiwango cha chini kabisa cha kila mzunguko badala ya wastani, na hilo husaidia. Ila kwa anayeanza, naona pembe ya kilango pamoja na kasi ndiyo njia yenye usumbufu mdogo. Sharti lake ni kihisi cha pili cha presha kilicho wazi kwa hewa ya nje, kwa kuwa pembe ya kilango haijui uko Tanga au Mbeya. Ukikiruka kihisi hicho umejinyima sababu kuu ya kufanya kazi yote hii.

Waya zinahitaji uvumilivu kuliko ujuzi. Bodi zote za vihisi zirudi kwenye kompyuta, na kompyuta ifunge bodi yake sehemu moja tu kwenye injini. Tumia terminali za kubana kwa koleo lake. Maungio ya risasi hukatika kwa mtikisiko wa porini pale risasi inapoishia. Plagi iwe yenye kizuizi ndani: ile D8EA iliyozoeleka haina, DR8EA inacho, na herufi hiyo moja imewaokoa wengi na kompyuta inayojizima bila sababu. Kofia ya plagi nayo iwe yenye kizuizi. Pampu ipite kwenye rilei na fyuzi yake, na kompyuta iiwashe sekunde mbili tu unapofungua swichi, kisha isubiri kranki izunguke. Mwisho weka swichi ya kuanguka, inayokata pampu pikipiki ikilala. Hii ni pikipiki ya porini, italala tu, na pampu inayoendelea kusukuma petroli juu ya injini ya moto huku umebanwa mguu chini yake si jambo la kusimulia.

Siku ya kuwasha, ziache CDI na taimingi yake zilivyo. Kubadilisha mafuta na moto wa plagi kwa wakati mmoja ni kujinyima njia ya kujua kosa liko upande gani. Washa pampu, acha presha dakika kumi, pitisha tishu kavu kwenye kila muunganisho. Mtungi wa kuzimia moto uwe umesimama karibu. Kisha ingiza kwenye programu muda wa msingi wa nozo. Kwa silinda ya cc 200, hewa ya joto letu ni kama gramu 0.23 kwa mvuto kamili. Igawe kwa 14.7 upate miligramu 15.6 za petroli, na nozo ya cc 110 kwa dakika itazipitisha kwa milisekunde 11.5. Mizunguko miwili kwenye kasi ya 8,500 huchukua milisekunde 14.1, kwa hiyo nafasi ipo, ingawa si ya kuchezea.

Kurekebisha ndiko kunakokula muda. Kwenye silensa tafuta uwiano wa 13.5 hivi, mwendo wa kawaida 14 hadi 14.7, na ukivuta mpaka mwisho kati ya 12.5 na 13. Ukiwa na shaka ongeza mafuta kidogo, maana kwa injini ya upepo petroli ya ziada ni sehemu ya kipozeo. Usisome skrini huku unaendesha. Tafuta barabara ndefu yenye mwinuko mdogo na isiyo na watu, shikilia kilango mahali pamoja sekunde kadhaa, rudi, angalia rekodi, badilisha sehemu hiyo tu ya jedwali. Kwenye silensa kihisi cha oksijeni hudanganya kidogo, kwa sababu bomba fupi la silinda moja hunyonya hewa ya nje na kukuonyesha mafuta kidogo kuliko yaliyopo; hapo sikiliza mlio kuliko namba. Injini ikikata pumzi unapovuta ghafla, ongeza mafuta ya mvuto wa ghafla. Ikitoa moshi mweusi kwanza ndipo iende, punguza. Mafuta ya asubuhi yarekebishe asubuhi kweli. Injini iliyozimwa saa moja tu iliyopita haikufundishi kitu.

Kitu cha mwisho ni petroli yenyewe. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupitia EWURA kwa sababu ya uchakachuaji wa mafuta ya taa, na porini bado tunanunua yaliyowekwa kwenye chupa za maji. Kabureta husamehe uchafu. Tundu za nozo ni nyembamba sana, na maji yakikaa ndani yake, nozo inaliwa na kutu. Weka chujio la EFI la kuchuja mikroni 10 baada ya pampu, soksi yake kabla ya pampu, na libadilishwe kabla halijakulazimisha. Beba nozo ya akiba, fyuzi, rilei na mita ndogo. Huko unakokwenda fundi wa kabureta yupo, wa EFI huenda hayupo.

Kabureta yako isafishe, ipake oili, ifunge kwenye nailoni pamoja na koki yake na mpira wake, usiiuze mpaka pikipiki imepita msimu mzima wa mvua bila kusukumwa.